CHOA KATIKA WATOTO WA MBWA: NAMNA YA KUKITAMBUA, KUKITIBU NA KUWAHIFADHI WATU WA NYUMBANI

Katika kata ya Litapunga, iliyomo ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, Mkoa wa Katavi, mbwa hafugwi kwa pambo. Huko ni nchi ya miombo, yenye msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba na kumalizika Aprili, na mkulima wa mahindi au karanga aliyepakana na pori anajua hasara ya kundi la nyani lililoingia shambani kwa saa moja. Mbwa ndiye anayelala kondeni, na ndiye anayekwenda na mchungaji. Mtoto wa mbwa kwa hiyo hulelewa karibu na watu: hubebwa na watoto, hulala jikoni karibu na majivu ya moto, na aghalabu hulala juu ya gunia lile lile analokalia mtu.

Ukaribu huo ndio unaofanya maradhi ya ngozi ya kijibwa kuwa jambo la nyumba nzima. Watumishi wa Serikali wanaopangiwa kazi katika mikoa hiyo, na wakaazi wa Visiwani wenye jamaa huko, hukutana na suala hili bila ya kulitarajia. Aidha, yatakayoelezwa hapa yanamhusu pia mwenye paka wa nyumbani hapa Unguja na Pemba, kwa sababu itakayobainika baadaye.

Choa ni nini

Choa husababishwa na kuvu, yaani fangasi, wanaoishi kwa kula ile protini ngumu iliyomo katika nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Si mdudu, si mnyoo, wala hakitokani na damu chafu kama wasemavyo baadhi ya watu. Katika mwili wa binadamu watu wa Pwani hukiita choa, na kikishika kichwani mwa mtoto huitwa mapunye.

Kuvu wanaowapata mbwa ni wa aina tatu mashuhuri. Wa kwanza, na ndiye anayeonekana zaidi, ni yule ambaye wataalamu humwita Microsporum canis. Wa pili huishi udongoni, na mbwa humpata kwa kuchimbachimba na pua yake. Jina lake la kitaalamu ni Nannizzia gypsea, ingawa vitabu vya zamani humwita Microsporum gypseum. Wa tatu ni Trichophyton mentagrophytes, ambaye hubebwa na panya na wanyama wengine wadogo, na mbwa mwenye kuwinda panya ghalani yumo katika hatari ya kumpata.

Jina la huyo wa kwanza linapotosha kidogo. Limetokana na mbwa, lakini maskani yake makubwa ni paka. Paka anaweza kuchukua mbegu za kuvu huyo katika manyoya yake, akawapa mbwa, watoto na paka wenzake, na mwenyewe asionyeshe baka hata moja. Kwa mnasaba huo, nyumba ambayo kijibwa kimeponywa mara mbili na mara zote mbili choa kikarudi, inafaa paka wake apimwe kabla ya mtu yeyote kuilaumu dawa. Na nyumba isiyokuwa na mbwa kabisa, kama zilivyo nyingi za Visiwani, haijaepukana na maradhi haya maadamu paka analala kitandani.

Watoto wa mbwa hushikwa zaidi kuliko mbwa wazima, kwa kuwa kinga yao haijakomaa na ngozi yao ni laini. Mwenye minyoo, viroboto wengi au njaa hushikwa upesi zaidi.

Dalili zake

Baada ya mbegu za kuvu kuingia katika ngozi, hupita wiki moja hadi tatu kabla ya dalili kuonekana. Hutokea kibaka cha mviringo kisicho na nywele, mara nyingi usoni, masikioni, katika miguu ya mbele au mkiani. Nywele za pembezoni mwa kibaka huwa zimekatika karibu na ngozi, kama zilizonyolewa kwa wembe butu, na ukizivuta hutoka kwa wepesi. Juu yake huwa na magamba ya rangi ya kijivu yanayofanana na mba au majivu. Kibaka hupanuka kutoka katikati kwenda nje, na mara nyingine katikati huanza kuota nywele wakati ukingo ungali mwekundu.

Jambo la kuzingatiwa sana ni kwamba choa cha mbwa mara nyingi hakiwashi, au huwasha kidogo tu. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wenye mbwa wanapoona nywele zinapukutika husema ni upele, na upele wana dawa yao tayari mkononi.

Upele wenyewe husababishwa na utitiri, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, nao ni wa namna mbili. Namna ya kwanza huchimba ngozi, na mbwa hujikuna usiku na mchana hadi kutoka damu. Huanzia kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo, na huweza kumwasha mtu aliyembeba mnyama huyo. Huu hauwezi kufananishwa na choa na mtu aliyetazama kwa makini. Namna ya pili ndiyo yenye kuleta utata. Utitiri wake huishi ndani ya vinyweleo, na kijibwa huupata kwa mama yake katika siku za mwanzo za kunyonya. Hutoa mabaka yasiyo na nywele kuzunguka macho na mdomo, hauwashi mwanzoni, na kwa sura hauna tofauti kubwa na choa. Tofauti iliyopo ni kubwa kwa upande wa watu: utitiri huu hauambukizi binadamu, na choa huambukiza.

Yapo pia majipu madogo ya vijidudu vya bakteria, yenye kuacha duara la magamba baada ya kupasuka. Nayo hudhaniwa kuwa choa. Vidonda vya kuumwa na kupe hali kadhalika. Kwa sababu hizo mviringo peke yake si ushahidi wa kutosha. Duara linaweza kuwa choa na linaweza lisiwe, na choa chenyewe mara nyingine hakina duara.

Kuthibitisha

Njia ya kale na nyepesi ni taa ya Wood, iliyopewa jina la Robert Williams Wood, mwanafizikia wa Marekani aliyebuni kioo chake mwanzoni mwa karne ya 20. Hutoa mwanga wa urujuanimno, na nywele zilizoshikwa na Microsporum canis nyingi hung'ara rangi ya kijani cha tofaa bichi zikimulikwa gizani. Magamba, vumbi na mafuta ya kupaka nayo hung'ara, lakini si kwa rangi hiyo, na unywele wenyewe ndio unaotakiwa kung'ara kuanzia shinani. Kuvu wale wengine wawili hawang'ari. Kwa hiyo taa ikionyesha kijani kwenye mashina ya nywele, shaka hupungua sana. Isipoonyesha, haijasema kitu.

Njia ya pili ni hadubini. Daktari wa mifugo hung'oa nywele chache kutoka ukingoni mwa kibaka, akakwangua na magamba kidogo, akazitazama mbegu zilizoizunguka nywele. Kwa ukwanguo huo huo, ukichukuliwa kwa kina zaidi, anaweza kuuona utitiri kama upo, na swali likamalizika siku ile ile.

Njia ya tatu ndiyo ya uhakika zaidi, nayo ni kuotesha kuvu maabara katika chakula maalumu, ambacho kimoja katika hivyo kina jina la Raymond Sabouraud, tabibu wa ngozi wa Paris aliyefariki mwaka 1938. Majibu huchukua wiki mbili hadi tatu. Wakaazi wa Litapunga wako mbali na maabara kubwa, lakini umbali huo si kizuizi kama inavyodhaniwa, kwani sampuli ya nywele haihitaji barafu. Hutiwa katika bahasha ya karatasi kavu, ikaandikwa tarehe na maelezo ya mnyama, na ikaweza kusafiri. Bahasha iwe ya karatasi na si mfuko wa plastiki, maana plastiki huhifadhi unyevu na kuotesha ukungu mwingine usiotakiwa. Afisa Mifugo wa kata ndiye wa kuelekeza sampuli ipelekwe wapi. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2012, una kituo Tabora, na Mpanda imeunganishwa na Tabora kwa reli inayopitia Kaliua. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nacho kina wataalamu wa tiba ya wanyama.

Matibabu

Ifahamike kwanza kwamba kijibwa chenye afya njema huweza kupona choa bila ya dawa, ndani ya miezi michache. Hii ni kweli, na ndiyo inayowapa sifa dawa nyingi zisizo na kazi: mtu hupaka kitu chochote, miezi ikapita, mnyama akapona, na kile kitu kikasifiwa kijiji kizima. Matibabu hufanywa kwa sababu mbili, kufupisha muda huo na kuzuia mbegu zisimwagwe nyumbani kwa miezi yote hiyo. Sababu ya pili ndiyo kubwa.

Tiba ina sehemu tatu, na mwenye kuiacha moja huwa amepoteza fedha za nyingine. Ya kwanza ni ya juu ya ngozi. Malhamu ya klotrimazoli au mikonazoli, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa, hupakwa kwenye kibaka na kuvuka ukingo wake kwa upana wa vidole viwili. Lakini kupaka vibaka pekee hakutoshi, kwani mbegu huwamo hata katika manyoya yanayoonekana mazima. Kijibwa kinahitaji kuogeshwa mwili mzima mara mbili kwa wiki kwa shampuu ya wanyama yenye mikonazoli pamoja na klorheksidini, ikaachwa mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Aogeshwe jua likiwa limepanda, akaushwe vizuri, asilazwe na maji. Kijibwa cha wiki chache kinaweza kufa kwa baridi kabla choa hakijamdhuru.

Nywele ndefu zilizozunguka kibaka zikatwe kwa mkasi usio na ncha, bila ya kuijeruhi ngozi, na zichomwe moto. Zisipeperushwe uani. Ili kijibwa kisilambe dawa, shingo yake yaweza kuvikwa kola iliyokatwa kutoka katika boksi gumu la karatasi.

Sehemu ya pili ni dawa ya kumeza, ambayo hutolewa na daktari wa mifugo baada ya kumpima mnyama uzito. Griseofulvini ndiyo ya zamani. Iligunduliwa mwaka 1939 kutoka katika ukungu, na kuanzia mwaka 1958 ikajulikana kwamba ikimezwa huponya choa. Huingia mwilini vyema ikitolewa pamoja na chakula chenye mafuta. Hata hivyo ina madhara: hulemaza watoto walio tumboni, kwa hiyo jike mwenye mimba haruhusiwi kupewa, na vijibwa vichanga sana havifai kupewa. Itrakonazoli na terbinafini ni mpya zaidi na madaktari wengi sasa huzipendelea. Vidonge alivyoandikiwa mtu hospitali visigawanywe kwa makisio na kupewa mbwa. Kijibwa cha kilo mbili si mtoto mdogo wa mtu.

Muda wa tiba ni wiki sita kwa uchache. Kosa la kawaida kabisa ni kuacha dawa nywele zinapoanza kuota, yaani wiki ya tatu au ya nne, wakati kuvu wangali hai. Panapo maabara, tiba husimamishwa baada ya vipimo viwili vinavyofuatana kuonyesha hakuna kuvu. Pasipo maabara, wiki sita zikamilike na nywele ziwe zimeota zote, ndipo daktari aamue.

Ama kuhusu vile visivyotakiwa, maelezo yake hayana budi kuwa marefu kidogo. Oili chafu ya gari hupakwa mbwa katika sehemu nyingi za nchi. Ina sumu, na mbwa hujilamba. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Dawa za kuogeshea ng'ombe, kama amitrazi, huua kupe na utitiri na haziui kuvu, na zikichanganywa kwa nguvu ya ng'ombe huweza kukiua kijibwa. Ivermektini, sindano ambayo baadhi ya watu huitumia kwa kila ugonjwa wa mnyama, nayo haina kazi yoyote juu ya kuvu. Mwenye kuitoa kwa ajili ya choa amelipia maji. Malhamu ya Whitfield, inayojulikana katika zahanati kwa choa cha watu, ina asidi ya salisiliki ambayo mbwa akiilamba humdhuru tumbo. Na hatari iliyojificha kuliko zote ni zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, ambazo hupunguza wekundu kwa siku mbili tatu, mwenye mnyama akafurahi, na chini yake kuvu wakatambaa kwa raha.

Nyumba

Sehemu ya tatu ya tiba ni nyumba yenyewe, na hii ndiyo inayosahauliwa. Unywele mmoja uliokatika una mbegu nyingi, na mbegu hizo katika mahali pakavu huweza kubaki hai kwa muda wa hadi miezi 18. Kijibwa kilichopona kikirudishwa juu ya gunia lile lile huanza upya.

Gunia na matambara aliyolalia yachomwe moto. Sakafu ifagiliwe kila siku wakati wa tiba kwa ufagio uliolowanishwa, ili nywele zisiruke hewani, na taka zake zichomwe. Sakafu ya saruji ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha ipakwe dawa ya kufanyia nguo nyeupe, yaani klorini, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, ikae dakika 10 na kusuuzwa. Klorini isimguse mnyama, wala isichanganywe na dawa nyingine ya usafi. Mpangilio una maana hapa: klorini ikimwagwa juu ya uchafu haifanyi kazi. Sakafu ya udongo haiwezi kutibiwa namna hiyo. Palipo na sakafu ya udongo ni bora kijibwa kitengewe kibanda nje, chenye matandiko ya majani makavu yanayobadilishwa na kuchomwa kila baada ya siku chache.

Watu

Mtu huambukizwa kwa kumshika mnyama au vitu vyake, na dalili hutokea baada ya siku 4 hadi 14. Mwilini hutokea duara jekundu lenye ukingo ulioinuka na kuwasha. Kichwani mwa mtoto hutokea kibaka chenye nywele zilizokatika, na mara nyingine uvimbe mororo wenye usaha, ambao usipasuliwe. Choa cha ngozi aghalabu huponywa kwa krimu. Mapunye hayaponi kwa krimu, huhitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Watoto, wazee, na watu ambao kinga yao imepungua wasiachiwe kazi ya kumwogesha mnyama mgonjwa. Anayefanya kazi hiyo avae glavu, au hata mifuko ya plastiki mikononi, na anawe kwa sabuni. Masuala ya twahara kwa mwenye kugusana na mbwa yana mlango wake na masheikhe wake, na hapa hayakuguswa.

Pamoja na hayo, haki itendeke kwa mnyama. Sehemu kubwa ya mapunye ya watoto wa skuli katika Afrika ya Mashariki hutokana na kuvu wa binadamu wenyewe, wanaopita kutoka kichwa hadi kichwa kwa vitana, kofia na mashine za kunyolea zisizosafishwa. Darasa lenye watoto kumi wenye mapunye halikuambukizwa na kijibwa kimoja cha Litapunga. Hali kadhalika mchungaji mwenye choa mkononi atazame ndama zake kwanza, kwani ng'ombe wana kuvu wao, wenye kutoa magamba mazito ya kijivu kuzunguka macho ya ndama. Kuua au kutupa porini kijibwa chenye choa hakuna sababu: maradhi haya hayaui, yana dawa, na mbegu zilizokwisha kumwagika nyumbani hazitoki pamoja naye.

Mwenye kumpeleka kijibwa kwa Afisa Mifugo kwa ajili ya choa aulize siku hiyo hiyo kuhusu dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa mnyama akitimiza miezi mitatu. Kwa wakaazi wa Visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Kisiwani Pemba kichaa cha mbwa kilikuwa kimeondolewa kwa chanjo kufikia mwaka 2014, kisha kikaingia tena mwaka 2016, na ikabidi kampeni za chanjo zirudiwe hadi kilipoondoka. Mtumishi anayemaliza kazi Bara na kutaka kuvuka na mbwa wake, awe mkubwa au mdogo, apate kwanza cheti cha afya na cheti cha chanjo kutoka kwa daktari wa mifugo wa mahali anapotoka, na kibali cha mamlaka ya mifugo ya Zanzibar, kabla hajakata tikiti ya boti.